Mzee wako ametumia dozi ngapi mwaka huu?

MKULIMA mmoja wa chai, mzee wa miaka 71, aliletwa katika kliniki yangu akiwa amemwegemea mwanawe. Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimemwona akiingia na kutoka bila msaada wa mtu. Sasa alikuwa akiuburuta mguu wa kulia. Nilimlaza kifudifudi kitandani nikaliminya shavu la mguu huo, lakini wayo haukusogea hata kidogo. Kano nene inayoliunganisha shavu la mguu na kisigino ilikuwa imekatika.

Hakuwa ameanguka wala kugongwa na chochote. Alikuwa akiteremka ngazi mbili za mlango wa nyumba yake aliposikia mlio nyuma ya kisigino, mfano wa kijiti kikavu kinapovunjwa. Mwanawe alikuwa amebeba mfuko wa karatasi wenye pakiti tupu za tembe ambazo babake alikuwa ametumia tangu mwaka uanze. Tulizimwaga mezani tukazihesabu. Zilikuwa dozi tano za antibiotiki katika muda wa miezi kumi. Nne alikuwa amepewa kwingine. Ya tano niliiandika mimi.

Nimebadilisha mambo machache ili mzee huyo asitambulike, lakini kosa langu nimeliacha lilivyo. Ninalieleza kwa sababu nina hakika kwamba katika nyumba nyingi za wasomaji wa ukurasa huu kuna baba, mama, babu au nyanya mwenye mfuko kama ule, na hakuna aliyewahi kukaa chini akahesabu kilichomo.

Antibiotiki, au viuavijasumu kama wengine wanavyoziita, ni dawa zinazoua bakteria au kuzizuia zisizaane. Haziui virusi, na kwa hivyo haziwezi kuponya mafua na vikohozi vingi vya kawaida. Zimeokoa maisha ya watu wengi mno, na mzee mwenye nimonia akizikosa anaweza kufa kwa siku chache. Makala haya hayakusudii kukutisha uziogope. Yanakusudia kukuonyesha kwamba kwa mtu aliyepita umri wa miaka 60 au 65, dozi ya tatu au ya nne katika mwaka mmoja si jambo la kuchukuliwa kama kununua mkate dukani.

Mwili wa mzee si wa kijana

Dawa nyingi tunazomeza hutolewa mwilini na figo. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, uwezo wa figo wa kuchuja damu huanza kupungua kidogo kidogo. Mwenye shinikizo la damu au kisukari hupungukiwa kwa haraka zaidi. Matokeo yake ni kwamba tembe ambayo kijana angeitoa mwilini kwa saa chache hukaa muda mrefu zaidi katika damu ya mzee, na anapomeza nyingine, ile ya kwanza bado haijaondoka.

Tatizo hili halionekani kwa urahisi. Kipimo cha damu tunachotumia kupima figo hutegemea takataka inayotokana na misuli. Mzee aliyekonda ana misuli michache, kwa hivyo jibu la maabara linaweza kuonekana zuri ilhali figo zimechoka. Ndiyo sababu daktari anapaswa kujua umri wa mgonjwa, na kwa dawa nyingine uzito wake pia, kabla ya kukadiria kiasi cha dawa.

Isitoshe, ni wazee wachache wanaotumia dawa moja tu. Wengi wana za presha, za kisukari, za maumivu ya viungo na za kiungulia. Kila antibiotiki inayoongezwa hapo huingia katika nyumba ambayo tayari ina wapangaji, na si wote wanaopatana.

Kano, sukari na neva

Tatu kati ya zile dozi tano za mgonjwa wangu, pamoja na ile niliyoandika, zilikuwa za siprofloksasini. Hii ni dawa ya kundi linaloitwa fluorokwinoloni, na hapa kwetu hutolewa kwa wingi kwa ajili ya matatizo ya mkojo na homa ya matumbo, yaani taifodi. Ni dawa yenye nguvu, na mahali pake panajulikana. Lakini mnamo Julai 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru pakiti zake ziwe na onyo kali kuliko yote kwamba zinaweza kuvimbisha na hata kukata kano, hususan ile ya kisigino. Onyo hilo lilitaja watu waliopita miaka 60 na wale wanaotumia dawa za jamii ya prednisoloni kuwa katika hatari kubwa zaidi.

Mzee wangu alikuwa na yote mawili. Kila alipobanwa na pumu alikuwa akinunua prednisoloni, na mimi sikumwuliza anatumia dawa gani nyingine. Kulikuwa na foleni nje ya mlango, naye alikuja na karatasi ya maabara mkononi. Nilisoma karatasi, sikumsoma mtu.

Kuna mengine. Mwaka wa 2018 mamlaka hiyo iliongeza onyo kwamba dawa za kundi hili zinaweza kuteremsha sukari ya damu hadi mtu akazirai, hasa mzee anayetumia tembe za kisukari, na kwamba zinaweza kuvuruga akili, kumbukumbu na utulivu. Desemba mwaka huo huo likafuata onyo kuhusu kupasuka kwa mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni kwa wale ambao tayari mshipa huo umevimba. Zinaweza pia kuumiza neva, mtu akahisi ganzi au kuchomwachomwa katika nyayo na vidole. Mwezi Januari 2024 Uingereza ilielekeza madaktari wake kuzitumia pale tu ambapo antibiotiki nyingine hazifai.

Madhara haya si ya kila mtu. Wengi hutumia dawa hizi na kupona bila shida yoyote. Lakini ukimpa mzee dozi tatu kwa mwaka, tena kwa ugonjwa ambao huenda hana, unamwingiza katika hatari hiyo mara tatu bila kumletea faida.

Tumbo linaloendesha baada ya dawa

Utumbo wetu mpana una bakteria wasiohesabika ambao hutusaidia. Wanasaga mabaki ya chakula, na kwa kuwa wamejaa humo, huwanyima wageni wabaya nafasi ya kukaa. Antibiotiki haiwezi kumtenga rafiki na adui. Inapofagia, hufagia wote. Kila dozi inayorudiwa huwakuta wale wema bado hawajarejea katika idadi yao ya awali.

Hapo ndipo bakteria mmoja aitwaye Klostridioidesi difisile hupata nafasi. Huzaana haraka na kutoa sumu inayochubua ukuta wa utumbo. Mgonjwa huanza kuharisha maji mara tatu au zaidi kwa siku, tumbo hukata, na huenda homa ikapanda. Shida hii inaweza kuanza akiwa bado anameza dawa au wiki kadhaa baada ya kumaliza, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena zile tembe. Karibu antibiotiki yoyote inaweza kuileta, lakini klindamisini, siprofloksasini, amoksilini iliyochanganywa na klavulaniti, na sindano za seftriaksoni hushukiwa zaidi. Waliopita miaka 65 ndio wanaougua zaidi na ndio wanaokufa zaidi.

Makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kumpa mgonjwa dawa ya kufunga tumbo, ambayo huifungia sumu ndani. La pili ni kukimbilia duka la dawa na kununua antibiotiki nyingine. Mwite daktari au mpeleke mgonjwa hospitalini, na useme waziwazi: "Alitumia antibiotiki tarehe fulani." Wakati huohuo mpe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, kwa maana mzee hukaukiwa upesi, na akiwa anatumia tembe za presha za kupunguza maji mwilini, figo zinaweza kusimama. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni na maji. Ile dawa ya mikono yenye spiriti haiui mbegu za bakteria huyu.

Kuna madhara madogo pia ambayo humnyima mzee raha: utando mweupe mdomoni unaomfanya akatae chakula, muwasho wa ukungu ukeni kwa akina mama, ladha ya chuma ulimini na kichefuchefu. Kwa kijana haya ni usumbufu wa wiki moja. Mzee aliyekwisha kukonda anaweza kupoteza kilo ambazo hatazipata tena.

Dawa zinapogombana

Septrin ni dawa ya bei nafuu na inayojulikana karibu katika kila nyumba. Lakini mzee anayetumia enalaprili, losatani au spironolaktoni kwa ajili ya presha au moyo akipewa Septrin, madini ya potasiamu yanaweza kupanda kupita kiasi katika damu yake, moyo ukapoteza mdundo wake na hata kusimama. Hakuna dalili ya nje ya kukuonya mapema. Septrin pia inaweza kuteremsha sukari kwa anayetumia glibenklamidi.

Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asipewe Septrin, Flagyl wala siprofloksasini bila daktari kupanga namna ya kupima damu yake, kwani anaweza kuvuja damu puani, tumboni au ubongoni. Anayetumia simvastatini ya kupunguza mafuta ya damu hapaswi kuichanganya na klarithromisini, kwa kuwa misuli inaweza kuharibika.

Flagyl hutumiwa kwa kila tumbo linalonguruma. Ikirudiwa mara kwa mara au kutumiwa kwa muda mrefu, inaweza kuleta ganzi miguuni ambayo watu hudhani ni uzee. Sindano ya jentamisini nayo inaweza kudhuru figo na kuharibu sehemu ya ndani ya sikio. Mzee akaanza kusikia kengele masikioni, kuyumba anapotembea, na kutosikia anapoitwa. Uziwi huo aghalabu haurudi nyuma.

Ugonjwa usioisha

Huenda unajiuliza, mzee huyu alipataje dozi tano? Jibu ni karatasi ya maabara. Mara zote tano alilalamika kwamba amechoka na viungo vinamwuma, akapimwa damu kwa kipimo cha Widal, na akaambiwa ana homa ya matumbo.

Kipimo hicho kina jina la daktari Mfaransa, Fernand Widal, aliyekieleza mnamo 1896. Hakitafuti viini vyenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaunda kupigana na viini hivyo. Askari hao wanaweza kubaki katika damu kwa muda mrefu baada ya vita kwisha, na wakati mwingine huwa waliundwa dhidi ya adui mwingine anayefanana naye. Basi mtu akipimwa leo na kupatikana nao, anaweza kupimwa tena baada ya miezi miwili na kupatikana nao vilevile, hata kama hana taifodi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuchukua damu kabla ya dawa na kuvikuza viini maabara. Huchukua siku kadhaa na gharama yake ni kubwa zaidi, lakini dozi tano nazo si bure.

Mzee yule hakuwa na homa hata siku moja. Alikuwa akienda msalani mara nne kila usiku na suruali zilikuwa zimemlegea kiunoni. Nilipompima sukari hatimaye, ilikuwa juu mno. Alikuwa na kisukari, na prednisoloni ilikuwa ikizidi kukichochea.

Vivyo hivyo kwa mkojo. Akina mama wengi wazee huwa na bakteria katika mkojo bila ugonjwa wowote. Kama hana maumivu anapokojoa, hana homa, hana maumivu ya kiunoni wala haja ya ghafla ambayo hakuwa nayo, kipimo pekee hakitoshi kumwandikia dawa. Mkojo kuwa na harufu kali mara nyingi ni ishara kwamba hanywi maji ya kutosha. Na mzee wa kiume anayepata ugonjwa wa mkojo kila baada ya miezi michache anahitaji kuchunguzwa tezi ya kibofu. Ikiwa njia imezibwa, hakuna tembe itakayoizibua.

Kikohozi kilichopita wiki mbili nacho kipimwe kifua kikuu. Vipimo na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali. Dawa za kundi la siprofloksasini zinaweza kuwatuliza viini wa kifua kikuu kwa muda, mgonjwa akadhani amepona, kumbe ugonjwa umejificha na unaambukiza wajukuu.

Fauka ya hayo, kila dozi isiyo ya lazima huwafunza bakteria kuishi na dawa. Siku mzee atakapopatwa na nimonia ya kweli, dawa iliyokuwa ikimwokoa inaweza kushindwa.

"Maliza dozi" ina maana gani?

Kuna jambo moja katika kisa hiki linaloniuma kuliko mengine. Kisigino cha mzee kilianza kuuma siku ya pili. Hakumwambia mtu. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwa upole: "Daktari, uliniambia nimalize dozi hata iweje."

Ni kweli nilimwambia, kama tunavyowaambia wagonjwa wote. Maneno hayo yalikusudiwa kumzuia mtu anayejisikia nafuu asiziache tembe na kuziweka kabatini. Hayakukusudiwa kumlazimisha mtu ameze dawa inayomdhuru. Kumaliza dozi ni kufuata idadi ya siku ulizopewa na daktari, ambazo kwa magonjwa mengi siku hizi ni chache kuliko zamani, huku ukirudi kwake upesi mambo yakibadilika.

Dalili zifuatazo ni za kumrudisha mzee kwa daktari siku hiyo hiyo, kabla ya kumeza tembe nyingine:

1. Maumivu au uvimbe wa kisigino, bega au kano yoyote.

2. Kuharisha maji mara tatu au zaidi kwa siku, au choo chenye damu.

3. Vipele, malengelenge, ngozi kubambuka, vidonda mdomoni, au uso na midomo kuvimba. Akishindwa kupumua, mkimbize hospitalini mara moja.

4. Kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwapo, kutetemeka na kutoka jasho jingi.

5. Ganzi miguuni, kelele masikioni au kuyumba.

6. Moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, au kuzirai.

7. Macho kuwa ya manjano au mkojo kupungua sana.

Unachoweza kufanya

Nunua daftari dogo la shule na uliandike jina la mzee wako. Kila anapopewa dawa, andika jina lake, tarehe, ugonjwa uliotajwa na kama ilimdhuru. Andika pia dawa anazomeza kila siku, zikiwemo za mitishamba na zile anazojinunulia. Daftari hilo liende naye kila kituo, maana mgonjwa wa kwetu huenda zahanati leo, hospitali ya kibinafsi kesho na duka la dawa kesho kutwa, na hakuna anayemwona mzima.

Ukiandikiwa antibiotiki, uliza maswali manne bila woga. Dawa hii ni ya ugonjwa gani? Tumejuaje kwamba anao? Inapatana na dawa zake nyingine na figo zake? Ni kwa siku ngapi? Daktari anayejua kazi yake hatakasirika. Laiti mwana wa mzee yule angeniuliza lile la tatu.

Usinunue antibiotiki bila cheti. Sheria ya Kenya, Sura ya 244, inazihesabu kuwa dawa za kuandikiwa na daktari, ijapokuwa sote tunajua jinsi zinavyouzwa. Usimpe mzee zilizobaki za mjukuu, wala usitumie cheti cha mwaka jana. Muulize daktari pia kuhusu chanjo za homa ya mafua na nimonia. Mara nyingi huwa za kulipia, lakini ugonjwa uliozuiwa hauhitaji dozi.

Lakini usikawie mzee anapougua kweli. Wazee hupata nimonia bila homa kali. Ukimwona anapumua upesi, amekataa chakula ghafla, amechanganyikiwa au anaanguka bila sababu, mpeleke, na akiandikiwa antibiotiki amezwe.

Mgonjwa wangu alifungwa mguu kwa wiki nyingi. Sasa anatumia dawa za kisukari, uchovu umemtoka, na hajapimwa Widal tena. Anatembea kwa mkongojo, lakini mteremko wa shamba lake hauwezi, na chai yake huchumwa na vibarua. Kila anapokuja huniwekea daftari lake mezani kabla hata hatujasalimiana, nami hulisoma ukurasa kwa ukurasa kabla ya kushika kalamu.

Leo jioni fungua kabati la mzazi wako. Toa pakiti zote, tupu na zenye dawa, uzipange mezani na uhesabu.